Gemu za Vita Hazimfanyi Mtoto Kuwa Mhalifu

Barazani Ng'ambo, Unguja, au Wete, Pemba, utasikia: mtoto akizoea gemu za bunduki, mwisho wake ni ujambazi. Wanaosema hivyo wana uchungu wa mzazi, na uchungu huo ni wa haki.

Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa. Baadhi wameona uhusiano mdogo baina ya gemu hizo na ukali wa mtoto, wengine hawakuuona. Kwamba gemu peke yake huzaa uhalifu, ushahidi haujapatikana. Japani na Korea Kusini gemu huchezwa sana, na mauaji ni machache mno. Marekani, uhalifu wa vijana ulishuka tangu katikati ya miaka ya 1990, huku mauzo ya gemu yakipanda.

Hiyo si ruhusa ya kumwachia mtoto simu mpaka usiku wa manane. Akisinzia skuli, akikosa chuo cha Kurani, hayo ni madhara kweli.

Tazama namba iliyoandikwa kwenye gemu: 3, 7, 12, 16 au 18. Huo ni umri, si ugumu wa mchezo, na wengi hukosea hapa. Gemu nyingine zina herufi M, yaani miaka 17 na kuendelea.

Kisha kaa naye mkekani nusu saa. "Hebu nioneshe, mwanangu." Akishindwa, anaitupa simu au anacheka na kuanza upya? Ukiona ukali, uliza pia analala saa ngapi, nani anamuonea skuli, na nyumbani anashuhudia ugomvi gani.