Manjano juu ya kidonda cha sukari: maswali ninayoulizwa kila wiki kliniki

Ni kweli manjano hupunguza uvimbe?
Kweli, lakini maabarani. Seli za binadamu huwekwa kwenye kisahani, zikachokozwa, kisha zikatiliwa kurkumini, kiini cha manjano. Kemikali za uvimbe hupungua. Lakini ukiyanywa, ni kidogo sana hupenya utumbo kuingia damuni, na ini huivunja upesi. Kisahani hakina ini.

Uvimbe wenyewe ni nini?
Mwili ukiumia au ukiingiwa na vijidudu, damu na chembe za ulinzi hukimbilia hapo. Panakuwa pekundu, pa moto, panavimba, panauma.

Nina sukari, nina kidonda unyayoni. Nikipaka manjano na mwarobaini uliotwangwa?
Usipake. Unga wa sokoni Marikiti ni wa mchuzi, haukusafishwa kwa ajili ya nyama iliyo wazi. Hukauka, hufunika usaha, hupaka rangi kila kitu. Wengine naanza kuwaosha manjano kwanza, ndipo nione kidole kimeshakuwa cheusi.

Lakini hakiniumi.
Hapo ndipo penye hatari! Sukari huua mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hutembea na kijiwe kiatuni kutwa nzima asijue. Kutouma si kupona.

Uvimbe umeshuka siku ya tatu. Nisubiri kidogo?
Usisubiri. Juu panaweza kutulia huku usaha unachimba kuelekea mfupani. Njoo kliniki leo. Ukiona weusi, harufu, homa au wekundu unaopanda mguu, usingoje hata kuche. Wanaokuja wiki ya tatu ndio tunaozungumza nao habari za kukata mguu.

Nimalize kwanza chupa ya dawa ya miti? Nimeinunua ghali.
Hapana, njoo nayo. Baadhi ya dawa za namna hiyo zilipopimwa zilikutwa zimetiwa steroidi kwa siri. Steroidi hutuliza uvimbe, haiui kijidudu, na hupandisha sukari. Tuambie pia umeitumia kwa muda gani, maana steroidi ya miezi haikatizwi ghafla.

Na chai ya tangawizi?
Kunywa, mamangu, bila vile vijiko vitatu vya sukari. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwulize daktari kwanza.

Nije vipi?
Kidonda kimeoshwa kwa maji safi, kimefunikwa kitambaa safi, hakuna kitu ndani. Na uje na viatu unavyovaa kila siku, nitavikagua.