Upungufu wa kalori na mandazi yanayosingiziwa

Upungufu wa kalori ni hali ya mwili kupokea nishati kidogo kuliko inayotumia, kwa muda wa kutosha hadi ulazimike kuchota kwenye akiba yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni mafuta ya mwilini. Maana inaishia hapo. Haisemi lolote kuhusu chapati, chipsi, wali wa usiku wala keki ya harusi. Lakini sikiliza mazungumzo ya gym, ya makundi ya WhatsApp na ya video za lishe: neno limegeuka kuwa jina la orodha. "Chapati haimo kwenye upungufu." "Hiki ni chakula cha upungufu." "Jana nilikula biriani, nikatoka kwenye upungufu." Kauli zote tatu zimekosea jambo lilelile, na kosa hilo linawagharimu watu, maana wengi huacha mpango uliokuwa ukiwafaa kwa sababu ya andazi moja.

Chakula hakina upungufu. Chakula kina kalori zake, basi. Upungufu ni tofauti ya jumla mbili, yaani zilizoingia na zilizotumika, na jumla haisomeki kwenye sahani moja. Biriani ya jana haiwezi kumtoa mtu kwenye upungufu kabla hajajua alichokula siku nyingine za wiki. Vilevile karanga, asali, parachichi na mkate wa brauni, ambavyo husifiwa kama vyakula vya kupunguza uzito, havimweki mtu kwenye upungufu kwa kuliwa tu. Konzi ya karanga ya gramu 30 ina kalori kama 170. Kijiko cha chakula cha asali kina 60 na kitu. Mkate wa brauni na mweupe vinakaribiana sana kwa kalori. Faida ya ule wa brauni ni nyuzinyuzi. Ni vyakula vizuri, lakini mizani inavihesabu kama inavyohesabu sambusa.

Historia ya kipimo hiki yenyewe inapinga wazo la orodha. Jina linatokana na neno la Kilatini la joto, na Mfaransa Nicolas Clément alilitumia mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1820 akifundisha habari za injini za mvuke: kalori moja ni joto linalopandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Haikuhusu chakula hata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani, alichoma vyakula ndani ya chombo cha kupimia joto na kuwapima watu ndani ya chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo, na kutoka kwake tumerithi hesabu ya gramu moja: wanga 4, protini 4, mafuta 9, na pombe 7. Kisha mwaka 1918 daktari wa Marekani, Lulu Hunt Peters, akawafundisha wasomaji wa kawaida kuhesabu. Aliwataka waache kusema kipande cha mkate, waseme kalori 100 za mkate. Waache kusema kipande cha pai, waseme kalori 350 za pai. Pai ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Hesabu hiyo ilivipa vitamu bei inayojulikana, haikuviweka kwenye orodha ya marufuku.

Tahadhari moja ya haraka kuhusu paketi. Kalori tunazozungumzia ndizo zinazoandikwa kcal. Pembeni yake huwa kuna namba kubwa zaidi ya kJ, yaani kilojuli, kipimo kingine cha nishati. Usiichukue hiyo, maana kcal moja ni kJ 4.184. Halafu angalia kama namba ni ya gramu 100 au ya paketi nzima. Biskuti huwaponza wengi hapo.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mwanamke wa miaka 35, kilo 75, urefu sentimita 162, mfanyakazi wa ofisini. Fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, inayotumiwa sana na wataalamu wa lishe, inasema: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161 (kwa mwanaume, badala ya kutoa 161, jumlisha 5). Anapata karibu 1,430, ambayo ni matumizi ya mwili uliopumzika. Akizidisha kwa 1.4 kwa sababu ya kukaa sana na kutembea kidogo, anafika kama 2,000 kwa siku, yaani 14,000 kwa wiki. Akipanga kula 1,600 kwa siku, wiki yake ni 11,200 na upungufu wake ni 2,800. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo atapunguza kama gramu 360 kwa wiki. Ni makadirio, na mizani ya wiki tatu au nne ndiyo itakayomwambia kama fomula ilimpatia au ilimkosea.

Na hapa ndipo penye tofauti inayosahaulika. Mwili haufungi hesabu saa sita usiku. Mwanamke huyu anaweza kula 1,500 kwa siku sita, ikawa 9,000, akabaki na 2,200 za Jumapili. Jumla ni ileile 11,200. Kwa 2,200 mtu anakula pilau ya kushiba, kachumbari, soda moja na kipande cha keki, huku akiwa ndani ya upungufu wake kikamilifu. Chakula cha anasa kilichopangiwa nafasi namna hiyo ni sehemu ya mpango.

Siku ya kujiachia ni jambo jingine kabisa, ingawa watu huyachanganya mawili haya kila siku. Siku ya kujiachia haina namba. Asubuhi supu na chapati mbili: 850. Mchana sahani kubwa ya pilau ya nyama, ambayo ndani yake mna mchele mkavu gramu 120 na mafuta gramu 25: 850. Soda mbili: 250. Jioni chipsi gramu 250: 750. Nyama choma ya ng'ombe yenye mafuta yake, gramu 300 baada ya kuiva: 800. Bia tatu za mililita 500: 600. Kipande kizito cha keki: 400. Jumla ni 4,500. Jumlisha siku sita za 1,600, ambazo ni 9,600, unapata 14,100. Matumizi ya wiki yalikuwa 14,000. Siku sita za kujizuia zimefutwa zote na Jumapili moja, na mtu huyo ataapa kwamba mwili wake haupungui hata afanyeje. Hasemi uongo kuhusu siku zake sita. Tatizo ni siku ya saba isiyo na namba.

Ili kitu kipate nafasi, lazima bei yake ijulikane, na vyakula vyetu vya mafuta havina lebo. Kuna njia nyepesi ya kujua bei ya andazi la nyumbani kwa mizani ya jikoni. Pima sufuria ikiwa na mafuta yake kabla ya kuwasha jiko. Kaanga, acha mandazi yachuruzike juu ya sufuria hiyohiyo, subiri mafuta yapoe, pima tena. Uzito uliopungua ndio ulioingia kwenye mandazi. Tuseme umetumia unga gramu 500 (kalori 1,820), sukari gramu 100 (400) na tui zito mililita 200 (400), ukapata mandazi 24, na mafuta yamepungua gramu 120 (1,080). Jumla ni 3,700, kila andazi 154. Mafuta yakiwa hayajapata moto vizuri, ukoko hukawia kushika na unga unanywa zaidi. Mafuta yakipungua gramu 180 badala ya 120, andazi lilelile limefika 177. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 170 na 180. Chipsi nazo hufuata kanuni ya karibu: zilizokatwa nyembamba hunywa mafuta mengi kuliko nene, kwa sababu zina eneo kubwa la nje kwa uzito uleule.

Kwa andazi la 154, chai ya asubuhi ya mwanamke wetu haina shida yoyote, hata kila siku. Chipsi mayai ni suala zito zaidi: chipsi gramu 200 ni 600, mayai mawili ni kama 150, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kaango ni 240. Karibu 1,000. Ukiiweka ndani ya siku ya 1,600, milo mingine yote inabaki na 600, na jioni njaa itakushinda. Afadhali nusu sahani, na upande wa pili mishikaki miwili na kachumbari ya kutosha, au uisubirishe hadi siku uliyoiwekea akiba. Mpangilio mzuri ni kuanza na vinavyoshibisha: protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kutoka maharage, dagaa, mayai, samaki au nyama, kisha mboga, kisha wanga, na anasa ipewe kinachobaki. Sehemu ya kumi hadi ya tano ya kalori za wiki inatosha watu wengi. Anasa iandikwe kabla ya kuliwa. Ikiandikwa baada, huwa inapunguzwa.

Sukari ina mpaka wake pembeni ya kalori. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa kalori 1,600 hiyo ni gramu 40. Soda moja ya mililita 300 hubeba gramu 30 hivi, kwa hiyo ukiinywa, chai ya siku hiyo ibaki bila sukari au na kijiko kimoja.

Mahali hesabu inapoharibika zaidi ni kwenye mafuta ya kupikia. Kijiko cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Anayemimina kwa kukadiria na jicho humimina viwili na nusu akidhani ni kimoja, na akifanya hivyo kwenye mchuzi, mboga na chapati, ameshaongeza 500 bila kula kitu kimoja cha anasa. Ndiyo maana chapati huitwa mbaya na mchicha huitwa mzuri, wakati mchicha uliokaangwa kwa mafuta ya kuelea unaweza kuizidi chapati. Pima pia kwa hali moja: mchele mkavu gramu 100 ni kalori 360, lakini gramu 100 za wali ulioiva ni kama 130. Ukipima ulioiva ukaandika namba ya mkavu, au kinyume chake, siku nzima imeharibika. Kwenye nyama choma kosa huwa la upande wa pili: nusu kilo unayoagiza hupimwa mbichi na mifupa yake, na ikifika mezani nyama ya kula inaweza kuwa gramu 250 tu.

Jumatatu baada ya sherehe mizani itapanda kilo moja, hata mbili. Kwa mtu aliyekula 2,200 zake alizopanga, hayo ni maji. Chumvi huyashika, na kila gramu ya wanga inayohifadhiwa mwilini hukaa na karibu gramu tatu za maji. Ili kuongeza kilo moja ya mafuta ya mwilini kwa siku moja angehitaji kula kalori 7,700 juu ya matumizi yake. Apime tena Alhamisi au Ijumaa. Na akishapungua kilo tano, arudie fomula: mwili wa kilo 70 unatumia kama kalori 70 pungufu kwa siku, na nafasi ya anasa inapungua kidogo.

Mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia dawa za kisukari na aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula wasifanye hesabu hii peke yao. Waifanye na daktari au mtaalamu wa lishe.

Basi anayesema "leo nimekula chipsi, nimetoka kwenye upungufu", asikemewe. Amekusudia kusema kitu kingine, na kwa maneno sahihi kingekuwa hivi: "Leo nimetumia kalori 600 za wiki hii kwenye chipsi. Zimebaki 4,300 hadi Jumapili." Hapo anayemsikiliza anaweza kumuuliza zimebaki siku ngapi, na wakapanga.