RAV4 kuukuu mbele ya gari za kileo: ya barazani na ya kweli

Mlango wa nyuma wa RAV4 yangu, Toyota ya 2008, hufunguka ubavuni kama mlango wa kabati, na tairi la akiba limening'inia juu yake. Jirani yangu, kijana aliyeleta gari ya kileo ambayo mlango ukibonyezwa hupanda wenyewe, haachi kunitania: "Ami, mlango huo ushapitwa na wakati." Kupitwa umepitwa, Toyota yenyewe iliuacha ilipotoa kizazi cha nne, yaani toleo la nne, la RAV4; yangu ni ya tatu. Lakini bawaba zake ziko kulia, na sisi tunapita kushoto. Ukisimama kando ya njia Darajani, hapa Unguja, unapakia gunia la mchele ukiwa upande wa waendao kwa miguu, na mlango unakukinga na gari zinazopita. Wenye haki ya kuulalamikia ni Wamarekani, maana kwao unazuia upande wa kupakilia. Ubaya wake kwetu ni mmoja: akikuegeshea mtu nyuma karibu sana, mkungu wako wa ndizi utaupitishia mlango wa abiria.

Barazani kwetu, baada ya sala ya alasiri, gari huhukumiwa kwa vitu vya namna hiyo, vinavyoonekana. Yanayoamua kama gari ya familia itakutunza au itakufilisi yako chini ya boneti na ndani ya usukani, na huko ndiko uvumi ulikojaa.

"RAV4 yangu ya 2014, yako ya 2008, kwa hiyo yangu mpya." Kwa miaka, ndiyo. RAV4 ya kizazi cha tatu ilitoka Japani Novemba 2005 na ikaendelea kuuzwa huko mpaka 2016. Kizazi cha nne, walichokuwa wakiendesha Wamarekani na Wazungu tangu 2013, hakikuuzwa Japani kabisa. Jina la RAV4 lilirudi madukani mwao Aprili 2019, likiwa na kizazi cha tano. Na gari zetu nyingi zimetoka Japani. Anayeongeza mamilioni ili apate "2014" ya Japani ananunua bodi ileile, injini ileile ya lita 2.4 na giaboksi ileile ya CVT, isiyo na gia za hatua. (Ambayo, tukiwa hapo hapo, ina oili yake peke yake, fundi anayekwambia ATF, oili ya giaboksi za kawaida za otomatiki, inatosha, mshukuru na uondoke.) Anachopata ni gari iliyopigwa jua miaka sita pungufu. Si haba, lakini asiambiwe kanunua kizazi kipya.

Injini hiyo, 2AZ-FE, ndiyo inayoumbua ule usemi wa "Toyota hazili oili". Zilizotengenezwa takriban 2006 mpaka 2009 zinajulikana dunia nzima kwa kula oili: ringi za pistoni hushikwa na masizi, oili ikapanda ikaungua. Marekani, Toyota ilirefusha dhamana kwa ajili ya tatizo hilo. Haina maana gari ni mbovu. Maana yake ni kwamba kijiti cha oili kichomolewe asubuhi injini ikiwa baridi, kila wiki, si kungojea taa nyekundu iwake.

"Kulanti, dawa ya maji ya rejeta, ni ya nchi za theluji, kwetu maji yanatosha." Hili nililiamini miaka minne, na nimelilipia. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la chokaa, na maji ya visima hubeba chokaa hiyo; karibu na pwani huongezeka na chumvi. Siku fundi alipoipasua rejeta yangu, vijia vyake vilikuwa na ukoko mweupe, ule ule unaouona ndani ya birika la chai la zamani. Alichukua kipande akakivunja kwa ukucha, akanitazama bila ya kusema neno. Kulanti haizuii maji kuganda tu. Hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia kutu, na injini za siku hizi, kuukuu na mpya, zina aluminiamu nyingi ambayo haipendi maji matupu hata kidogo.

Sasa lile linalonikera zaidi, kwa sababu lina roho za watu ndani yake. "Ya zamani ina bati gumu, kwa hiyo salama zaidi." Bati gumu halikuokoi. Kinachokuokoa ni sehemu ya mbele inayojikunja kwa mpango na chumba cha abiria kisichojikunja, na hapo gari mpya ziko mbele sana. IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa gari, ilipoanzisha mwaka 2012 jaribio la kugongesha kona ya mbele, hata RAV4 ya kizazi cha nne ilipata daraja la chini kabisa, ikabidi muundo uimarishwe. Ya kwangu ni ya kabla ya hapo.

Halafu kuna mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani. Ndani yake mlikuwa na nitrati ya amonia, kemikali ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika. Siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu miaka na miaka: si ndiyo Unguja na Pemba? Gari zilizorudishwa ili zibadilishwe mifuko hiyo ni mamilioni kwa mamilioni duniani, na kampuni ikafilisika 2017. Zimo nyingi za kundi letu: baadhi ya RAV4 na CR-V za kizazi cha pili, na X-Trail za kizazi cha kwanza. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama yako imo. Na ukiwasha swichi, itazame ile taa ya mfuko wa hewa: iwake kidogo, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda mtu kaichomoa ili usijue.

Gari za kileo nazo zina uvumi wake. Mazda CX-5 ya dizeli lita 2.2, iliyoanza 2012, husifiwa kuwa inanusa mafuta tu, na ni kweli. Lakini ina chujio cha masizi kinachojisafisha gari ikienda masafa, moshi ukiwa moto. Unguja nzima, kaskazini mpaka kusini, ni kilomita 85 hivi. Anayetoka Kikwajuni kwenda Mwanakwerekwe na kurudi, kila siku, foleni kwa foleni, chujio chake hakipati nafasi hiyo, kikaziba. Anayekaa Makunduchi na kufanya kazi mjini atafurahi nayo. Wengine wachukue ya petroli.

Mwisho, kile kibati cha "4WD" nyuma. Kwenye RAV4 huvuta magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa yanapohitajika tu. Kitufe cha kufunga, kinacholazimisha ya nyuma nayo yavute, hujiachia ukipita kilomita 40 kwa saa. Kwa njia ya udongo ya Micheweni, Pemba, wakati wa masika kinasaidia sana. Kwenye mchanga laini wa pwani, bila ya kupunguza upepo wa tairi, koplingi, ile inayopeleka nguvu nyuma, hupata moto ikajikata yenyewe, na maji yakianza kujaa hakuna tena kuukuu wala ya kileo. Jirani yangu alitolewa Kiwengwa na ng'ombe wa gari ya mawe, na mlango wake ule wa kupanda wenyewe ulikuwa wazi, umejaa mchanga.