Kompyuta ya gemu imefika mlangoni: usiwashe kwanza

Tangazo la kawaida hapa Nairobi husomeka hivi: "Kompyuta ya gemu, Core i7, ramu 16GB, SSD 1TB, kadi ya 8GB, taa za rangi, gemu zote zinaingia." Chini yake kuna picha ya keisi ya kioo inayowaka zambarau na namba ya simu. Kazi yangu ni kuunda na kukagua mashine za aina hii, na watu hunitumia matangazo hayo kwa WhatsApp na swali moja tu: "Fundi, hii ni poa?"

Mimi huanza na yale ambayo hayakuandikwa. Muuzaji aliyeweka kifaa kizuri hukitaja kwa jina lake kamili, mpaka tarakimu ya mwisho. Aliyeweka cha bei ya chini hutaja jina la ukoo tu: "kadi ya 8GB", "prosesa ya i7", "saplai ya wati 600". Penye jina la ukoo bila jina la mtu, hapo ndipo pesa ilipookolewa, na si wewe uliyeokoa.

Chukua hiyo i7, jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Intel, wanaoitengeneza, walianza kulitumia jina hilo mwaka 2008. i7-2600 ni ya 2011, i7-4770 ni ya 2013, i7-12700K ni ya 2021. Zote ni i7, na hakuna muuzaji atakayeitwa mwongo kwa kuziita hivyo. Kinachokueleza ukweli ni tarakimu zinazofuata kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 12700 ni cha kumi na mbili. Hilo lina uzito zaidi sasa kwa kuwa Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huzikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za kabla ya hapo. Ukiona kizazi cha tatu au cha nne kinaendesha Windows 11, jua mtu alizunguka masharti.

Mashine nyingi za bei nafuu zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue zilikuwa za maofisi ya ng'ambo, zile tunazoziita "ex-UK": Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Sizidharau hata kidogo. Kijana mwenye bajeti ndogo akichukua OptiPlex safi na kuipachika kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) ya GTX 1650 isiyohitaji kebo ya ziada, atacheza vizuri tu. Shida huanza muuzaji anapotaka ionekane kubwa kuliko ilivyo. Saplai za umeme za mashine hizo nyingi ni ndogo, wati 240 au 290 hivi, na soketi yenyewe kwenye ubao mkuu (motherboard) huipa kadi wati 75 tu. Kadi ya RTX 3060 inataka wati 170. Kwa hiyo ukiona tangazo la OptiPlex yenye RTX 3060, uliza umeme unafikaje kwenye kadi. Mara nyingi utakuta adapta iliyochomekwa kwenye kebo ya SATA, kebo iliyokusudiwa diski, ambayo plagi yake haikuundwa kubeba zaidi ya wati 54 kwenye laini ya volti 12. Plagi hizo nimezikuta zimeyeyuka.

Kadi ya grafiki ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei, na ndiyo yenye mitego mingi. RTX 3060 ziko mbili: ya 12GB yenye njia ya kumbukumbu ya biti 192, na ya 8GB yenye biti 128, ambayo ni dhaifu kwa namna utakayoiona kwenye gemu. RX 580 pia ziko mbili: ya kawaida yenye viini 2304, na nyingine iliyotengenezewa soko la China yenye 2048. Halafu kuna zile bandia kabisa: kadi ya zamani kama GTS 450 iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows huamini. Programu ya GPU-Z, inayosoma kadi yenyewe, haidanganyiki kirahisi. Tangu 2018 huziandikia kadi za namna hiyo neno FAKE mbele ya jina. Ni ya bure na ni ndogo, inaingia kwenye flashi. Nenda nayo dukani.

Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zinahitaji swali la peke yake, hasa i7 na i9 za mezani, na zaidi zikiwa za mtumba. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema. Walitoa marekebisho ya programu ya ndani, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia uharibifu. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Muuzaji akikuambia "BIOS ni mpya, mkubwa, usijali," yaani programu ya ndani ya ubao imeshapata marekebisho hayo, mwulize iliwekwa lini, na mashine ilikuwa ikifanya kazi gani kabla ya siku hiyo.

Kuhusu ramu sitakawia. Vijiti viwili vya 8GB ni bora kuliko kimoja cha 16GB, kwa sababu prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja. Kwenye mashine isiyo na kadi, kama yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G inayochora picha yenyewe, tofauti huonekana kwa macho. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, nayo taka jina na modeli. Basi.

Saplai ya umeme ndiyo ninayoigombania kuliko vyote, kwa sababu haimpendezi mtu kwenye picha na hakuna anayeiulizia. Lebo ya "600W" anaweza kuichapa yeyote. Taka jina la kampuni na modeli, kisha uitafute mwenyewe. Alama ya 80 PLUS inaonyesha umeme kiasi gani haupotei kama joto; haisemi kama saplai itakulinda stima ikirudi kwa kishindo. Na kama mashine ilitoka Marekani, geuza upande wa nyuma uangalie kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa iko kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye volti 240 za hapa kwetu, utasikia mlio mmoja na harufu ya kuungua.

Siku ya kufika

Ukiweza, ifuate mwenyewe kwa teksi. Ilaze kwenye kiti ubavu wenye ubao ukiwa chini na kioo juu, ili kadi isimame wima badala ya kuning'inia kwenye soketi yake katika kila tuta la barabarani. Ikiletwa na boda, mkanda wa video uanze boksi likiwa bado na gundi yake na usikatishwe mpaka ndani ya keisi paonekane. Wauzaji waaminifu hawaudhiki na video hiyo.

Kabla ya hapo kuna karatasi. Lipa kwa till au paybill ya duka (namba za M-Pesa za biashara), si namba ya mtu binafsi, na udai risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti wa KRA, yenye namba za serial za vifaa, angalau za kadi na prosesa. Risiti iliyoandikwa "kompyuta 1" haina maana siku utakaporudi na kadi tofauti na waliyoiuza, au siku watakapodai hivyo.

Sasa usiwashe. Fungua ubavu. Kama kuna stika ya "waranti itabatilika", waandikie WhatsApp kwanza uombe ruhusa, ili jibu lao libaki kwa maandishi. Duka linalokataa kabisa usiangalie ndani ya kitu ulichokilipia, mimi nisingenunua kwalo.

Ndani, tafuta kwanza foamu au mifuko ya hewa. Waundaji makini huijaza kushikilia kadi njiani, na kuna watu huwasha mashine ikiwa bado imo, feni zikasaga plastiki. Shika kadi kwa upole uone kama imekaa sawasawa na skurubu zake zimekazwa. Sukuma kebo nene zinazoingia kwenye ubao na kwenye kadi. Plagi iliyoingia nusu hupata joto. Kwa kadi zenye kile kiunganishi kipya cha pini 16, hilo si jambo la mzaha: kwenye RTX 4090 viunganishi vya aina hiyo vilianza kuyeyuka 2022, na plagi ambazo hazikuingia mpaka mwisho zilikuwa sababu mojawapo kubwa. Tikisa keisi kidogo usikilize kama kuna skurubu inayozunguka. Piga picha lebo za kila kifaa, hasa saplai, kwa kuwa hiyo hakuna programu itakayokusomea jina lake.

Kebo ya skrini iingie kwenye kadi, chini, na si kwenye ubao, juu. Ninaona aibu kuliandika jambo dogo hivi, lakini sehemu kubwa ya simu za "fundi, gemu zinakwama" huishia hapo. Skrini ya Hz 144, inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, nayo lazima uiambie Windows ifanye kazi kwa 144, la sivyo itatulia kwa 60 na pesa yako imelala.

Baada ya kuwasha

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende sehemu ya kumbukumbu. Ukiona ramu ya DDR5 iliyouzwa kama 6000 inakimbia kwa 4800, hujaibiwa. Mtu alisahau kuwasha XMP au EXPO, mpangilio wa kasi ya ramu, kwenye BIOS, na ni kazi ya dakika moja. Fungua CPU-Z, inayosoma prosesa na ramu, na GPU-Z ulinganishe kila jina na risiti. Kisha CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, mahali panapoonyesha saa ambazo diski imewashwa. SSD mpya iliyopimwa dukani itakuwa na saa chache. Yenye saa elfu sita si mpya, hata kama stika yake inang'aa.

Baada ya majina, joto. Weka HWiNFO, inayoonyesha joto, wazi, endesha Cinebench, inayoichosha prosesa, kwa dakika kumi, halafu FurMark, inayoichosha kadi, kwa muda kama huo. Usishtuke na namba bila kujua mashine yako: Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeundwa kuvumilia nyuzi 95, na nyingi za Intel nyuzi 100. Kinachonitisha zaidi ni prosesa iliyo kwenye nyuzi 70 na zaidi wakati haifanyi lolote. Mara nyingi ni nailoni ya kiwandani iliyosahaulika chini ya kipoza, au pampu ya maji isiyozunguka. Na Nairobi iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, feni inabeba joto kidogo kuliko ingebeba Mombasa. Hata hivyo jioni zetu za baridi za Julai hulipa deni hilo.

Vipimo hivyo vikipita, cheza. Gemu nzito kwa saa mbili tatu mfululizo hufichua mambo ambayo Cinebench huyapita: skrini kuwa nyeusi, mashine kujizima, mlio wa koili. Usiku iachie MemTest86, programu ya kupima ramu, stima ikiruhusu.

Windows ni suala jingine. Kama imewezeshwa kwa ujanja, na nyingi huwa hivyo, hujui ni nini kingine kiliingia na ule ujanja. Ukimaliza ukaguzi, na si kabla, isakinishe upya kwa flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft wenyewe, ndipo uingize nywila zako na M-Pesa.

Ukipata kasoro, andika siku hiyo hiyo, pamoja na picha na namba za serial. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaostahili, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012; bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" halizifuti. Lakini nikisema ukweli wa mtaani, kinachomfanya mwenye duka abadilishe kadi bila mabishano ni video ya saa moja iliyopita, kuliko ibara yoyote. Uliza pia waranti ni ya nani. Ya duka ni barabara chache kutoka ulipo. Ya mtengenezaji inaweza kumaanisha kadi isafirishwe hadi Dubai kwa gharama yako.

Bajeti iache nafasi ya UPS, betri inayoshikilia mashine stima ikipotea, na usome wati zake badala ya VA. Ile ya 650VA inayouzwa kila mahali hubeba wati 390 au chini. Mashine yenye RTX 3060 na skrini inaweza kuikaribia gemu ikichemka, na ikizidiwa itakuzimia papo hapo. Kama pesa haitoshi, chukua angalau kilinda umeme cha kweli, na stima ikipotea chomoa kabisa, usubiri irudi na itulie dakika chache.

Boksi la mashine na la kadi yatunze mpaka waranti iishe. Najua kwenye bedsitter nafasi ni shida. Yakunje, foamu itie kwenye mfuko juu ya kabati. Duka likikuambia ulete kadi, kuipeleka mjini ndani ya mfuko wa supamaketi ni kuwapa sababu ya kusema uliivunja wewe.