Wiki ya tangambili Dar es Salaam: kaskazi imechoka, kusi haijafika

Katika wiki hii ya mwisho ya Machi wakazi wa Dar es Salaam wamepata joto la kukosesha usingizi, radi, mvua ya saa moja iliyofurisha mitaro, asubuhi yenye anga safi kabisa, manyunyu ya kutwa na kisha jua tena, na wengi wameuliza kama utabiri waliousikia ulikuwa na maana yoyote. Kazi yangu ni kutabiri hali ya hewa, na jibu langu ni kwamba ugeugeu huu wote una chanzo kimoja kinachoweza kuonekana kwa macho: upepo mkubwa wa msimu umelegea, na pepo ndogo za kienyeji zimeshika nafasi yake. Anayetaka kuielewa wiki ya namna hii aangalie upepo kwanza, mvua baadaye.

Tangu Desemba pwani yetu imekuwa chini ya kaskazi, upepo unaotoka upande wa Bara Arabu na Bahari ya Hindi ya kaskazini kuelekea kusini mwa ikweta, ambako jua huwa limehamia. Jua hilo hurudi kaskazini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwetu mwanzoni mwa Machi, na ifikapo tarehe 20 au 21 huwa limefika kwenye ikweta yenyewe. Ukandamvua, yaani eneo ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na hewa ikalazimika kupanda na kufanya mawingu, hulifuata jua, lakini hulifuata kwa kuchelewa, kwa sababu bahari huchukua muda mrefu kupata joto na muda mrefu kulipoteza. Ndiyo maana mwezi wetu wenye mvua nyingi ni Aprili, unaotupatia takriban milimita 250 kati ya milimita 1,100 hivi za mwaka mzima. Ukandamvua nao si mstari ulionyooka: hupanuka, hukatika katikati, husogea mbele na kurudi nyuma. Unapotukaribia, tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya kaskazini na kusini hupungua, na kaskazi hukosa kitu cha kuisukuma. Hapo ndipo wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni husema tangambili imeingia, au maleleji kama wengine wanavyoiita, yaani kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, upepo wa msimu unaotoka kusini.

Jumatatu ilikuwa hivyo hasa. Bendera zilining'inia, moshi wa wachoma mahindi ulipanda wima, na bahari ililala. Kipimajoto hakikuonesha jambo la ajabu, kwa kuwa nyuzijoto 32 au 33 za mchana ni za kawaida kuanzia Januari, lakini watu walilalamikia joto kuliko walivyolilalamikia mwezi uliopita, na walikuwa na haki. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa inapojaa mvuke, na upepo wa kuuondoa mvuke huo kwenye ngozi ukakosekana, jasho hubaki pale pale lilipotoka na joto hubaki mwilini.

Siku iliyofuata upepo wa bahari ulijionesha waziwazi. Ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hivyo hewa iliyo juu ya mabati ya Buguruni na lami ya Kariakoo hupanda, na hewa ya baharini, yenye ubaridi kidogo, huingia chini yake. Jambo hili hutokea karibu kila siku ya mwaka, lakini Januari na Februari, kaskazi inapovuma kwa nguvu, upepo wa bahari humezwa ndani yake, na ni vigumu kuona hewa ya bahari imeishia wapi na ya bara imeanzia wapi. Jumanne hapakuwa na kaskazi ya kuuficha mpaka huo. Ulionekana angani kama safu ya mawingu yenye matako bapa, sambamba na ufuo, ambayo adhuhuri ilikuwa juu ya Ubungo na alasiri ilikuwa imesukumwa hadi Pugu na Kisarawe. Nyuma ya safu hiyo, upande wa bahari, anga ilikuwa tupu. Mbele yake hewa ililazimika kupanda, na vilima vya Pugu, ingawa si virefu, viliiongezea msukumo. Hivyo watu wa Kisarawe walinyeshewa mvua ya ngurumo wakati watu wa Masaki wakiendelea kuanika nguo.

Kwa kawaida mambo huishia hapo. Katika majira haya pepo za juu, kilomita tatu hadi sita kutoka ardhini, huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo wingu lililokomaa juu ya Pugu huchukuliwa kuelekea Chalinze na Morogoro, na jiji husikia ngurumo tu. Jumatano pepo hizo zililegea na kugeuka kutoka magharibi, na wingu lililojengeka juu ya vilima likarudi mjini.

Aliyekuwa Ubungo siku hiyo angeweza kuisoma dhoruba hatua kwa hatua. Saa nane mchana kichwa cha wingu kilikuwa bado na kingo kali, zilizokatika wazi dhidi ya anga, jambo linaloonesha kwamba ndani yake mlikuwa bado na matone ya maji. Baada ya muda kingo hizo zilianza kufifia na kutawanyika kama nyuzi, kwa sababu kilele kilikuwa kimefika mahali ambapo maji hugeuka chembe za barafu. Mawingu ya ngurumo ya ukanda wetu huweza kupita kilomita 15 kwenda juu. Wingu likishafika hatua hiyo, mvua huwa imeshaanza kushuka ndani yake hata kama ardhi iliyo chini bado ni kavu. Kisha upepo wa bahari ulikatika. Ukimya huo wa dakika chache ndio ishara ninayowaomba watu waiheshimu kuliko zote, maana kinachofuata ni upepo baridi kutoka upande wa wingu, wenye vumbi na harufu ya udongo uliolowa, unaofika kabla ya tone la kwanza. Upepo huo huzaliwa na mvua yenyewe. Matone yanayopita katika hewa kavu zaidi chini ya wingu huvukizwa kiasi, uvukizaji huo huipoza hewa, hewa iliyopoa huwa nzito, na hushuka kwa kasi hadi igonge ardhi na kusambaa pande zote. Joto linaweza kushuka kwa nyuzijoto tano au zaidi ndani ya muda mfupi. Upepo huo ndio unaoezua mabati na kupindua ngalawa, na mara nyingi watu huulaumu upepo wa baharini wakati umetoka nchi kavu.

Mvua yenyewe haikuchukua muda. Lakini dhoruba kukoma mjini si sawa na hatari kukoma mjini, kwa kuwa mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, mahali pale pale wingu lilipoanza kunyesha. Maji ya huko huhitaji muda kuteremka, na yanapofika bonde la Jangwani huenda jua limeshatoka. Niliwaona watoto wakivuka bonde hilo kwa miguu kwa sababu tu mvua ilikuwa imekatika, na jambo hilo linanisumbua kila mwaka. Kuhusu radi, hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, kisha gawanya kwa tatu. Utapata umbali wake kwa kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo, si chini ya mti.

Alhamisi kulikuwa shwari, kwa sababu hewa baridi iliyomwagwa na dhoruba ililala juu ya jiji na kuzuia hewa yoyote kupanda. Siku hiyo baadhi ya watu wenye simu zinazopima mgandamizo wa hewa walikuwa na wasiwasi, wakiona kipimo kikishuka tangu asubuhi, na wamesoma mahali kwamba kushuka kwa mgandamizo huleta dhoruba. Kanuni hiyo ni ya kweli Ulaya, ambako vigeugeu vya majira ya machipuko huletwa na mapambano ya hewa ya baridi kutoka ncha ya dunia na hewa ya joto kutoka kusini. Mgandamizo mdogo wa huko husafiri kwa siku kadhaa baharini, na mtabiri wa London huuona ukija tangu ukiwa Atlantiki. Kwetu hakuna mapambano ya namna hiyo. Katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa sababu ya jua kulipasha joto anga lote: hufika kilele karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hushuka kwa takriban hektopaskali 3 kufikia saa kumi jioni, iwe mvua itanyesha au isinyeshe.

Mvua ya Ijumaa ilikuja wakati mwingine kabisa, alfajiri. Usiku ardhi hupoa haraka na upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda baharini. Wavuvi huuita umande. Unapokutana na hewa yenye joto na mvuke mwingi juu ya maji, ambayo mwezi Machi hukaribia nyuzijoto 30, mawingu hujengeka baharini, na kabla ya kuchomoza kwa jua baadhi yake husogea hadi ufukweni. Hivyo pwani yetu ina nyakati mbili za mvua: ya mchana inayozaliwa bara, na ya alfajiri inayozaliwa baharini. Hapa kuna jambo dogo linalozua ubishi. Kipimamvua chetu husomwa saa tatu asubuhi, na kiasi kinachotangazwa ni cha saa 24 zilizoishia hapo, kwa hiyo mvua ya Jumatano alasiri imeandikwa kwenye usomaji wa Alhamisi, siku ambayo kila mtu anaikumbuka kuwa kavu. Takwimu hazijakosewa.

Jumamosi upepo ulitoka kusini mashariki kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, mawingu yakatanda chini na manyunyu yakaendelea kutwa bila radi. Huo ulikuwa mguso wa kusi, haukuwa kusi yenyewe; Jumapili kaskazi ilirudi, dhaifu, na jua likatoka.

Kitu kimoja kinaweza kuvuruga mpangilio huu wote kutoka mbali, nacho ni kimbunga. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kilivuta mvuke kuelekea Mlango-bahari wa Msumbiji na Beira, na mvua za masika za mwaka huo zilichelewa kuanza katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kimbunga kinapokuwa mashariki mwa Madagaska athari yake yaweza kuwa kinyume, kwa kuwa husaidia kuvuta pepo za magharibi zinazoleta unyevunyevu wa misitu ya Kongo. Vinavyotufikia sisi wenyewe ni nadra, lakini majira yake ndiyo haya: kile kilichoharibu mashamba ya karafuu Unguja mwaka 1872 kilikuja Aprili, Jobo kilitukaribia Aprili 2021 kikiwa kimedhoofika, na Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024.

Sasa nirudi kwenye lawama. Utabiri uliposema kutakuwa na mvua na ngurumo katika maeneo machache, wasikilizaji wengi walisikia kwamba kutakuwa na mvua kidogo. Maana yake ni kwamba sehemu ndogo ya eneo litajwalo itanyeshewa, na itakayonyeshewa huenda ikanyeshewa sana. Katika wiki isiyo na upepo mkubwa, anga ni sawa na sufuria ya maji yanayochemka: najua kwa hakika kwamba mapovu yatatokea, lakini siwezi kusema asubuhi ni mahali gani povu la kwanza litatokea. Wingu likishaonekana kwenye rada naweza kusema linakokwenda kwa saa moja au mbili zijazo, na zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha. Naona ni heshima kwa msikilizaji kumwambia ukweli huo kuliko kumtajia mtaa.

Wanaoumizwa zaidi na kutoelewa huku ni wakulima wa Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, ambao huniuliza kama mvua ya Jumatano ndiyo masika. Kigezo kinachotumika sana ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku moja hadi tatu, bila ukame wa siku kumi mfululizo ndani ya mwezi unaofuata. Sehemu ya kwanza ya kigezo wengine wameipata, lakini ya pili haisomwi kwenye kipimamvua cha leo. Ndiyo maana naangalia upepo. Mvua ya ngurumo iliyozaliwa na upepo wa bahari inaweza kuja na kutoweka kwa wiki mbili, na mahindi yaliyochipua yakakauka. Kusi ikianza kuvuma siku tatu au nne mfululizo, na mvua ya alfajiri ikawa ya kawaida kuliko ya alasiri, nitaanza kusema kwamba masika yametulia. Kwa mguso mmoja wa Jumamosi bado sijafika hapo. Mwenye mbegu za kutosha kupanda mara mbili anaweza kuanza sehemu ya shamba. Mwenye mbegu za mara moja tu, ushauri wangu ni asubiri, atayarishe shamba, na afuatilie utabiri wa siku kumi.

Kwa wavuvi na wenye boti za kwenda Mafia na Unguja, wiki ijayo pepo zitaendelea kuwa dhaifu asubuhi, na hatari itakuwa kwenye dhoruba za ghafla, si kwenye mawimbi ya muda mrefu. Ondokeni mapema, angalieni nyuma yenu upande wa bara kila baada ya muda, na upepo wa bahari ukikatika ghafla mchana, shusheni tanga kabla hamjajua sababu.