Hiyo soketi nyuma ya multimita haikuwekwa kama pambo

Jamani leo tuongee kuhusu soketi zilizoko nyuma ya mashine zetu za kupimia umeme. Kazi yangu ni ugezi wa vipimo, yaani kuhakiki kama mashine za kupimia zinasoma sahihi, naingia maabara nyingi, na nakuta mambo yale yale: multimita ya bei mbaya kabisa, pembeni yake kijana ana daftari na kalamu anaandika namba moja moja kila baada ya sekunde kumi. Ukiandika namba 300 kwa mkono kuna mahali utageuza tarakimu tu, 4.987 inakuwa 4.897, na hakuna atakayegundua. Mimi ilishanipata, nikarudia kazi ya siku mbili nzima.

Dawa yake ni kuunganisha mashine na kompyuta ili namba ziandikwe zenyewe, na hizo soketi ndo kazi yake. Sasa geuza mashine yako uangalie nyuma. Ukiona soketi pana ya pini 24 yenye skrubu mbili, hiyo ni GPIB. Ilianzia Hewlett-Packard huko Marekani wakiiita HP-IB, mwaka 1975 ikawa kiwango rasmi kwa jina la IEEE 488. Kebo zake zinapandana moja juu ya nyingine, kwa hiyo kwenye mstari mmoja unaweka hadi vifaa 15 ukihesabu na kompyuta yenyewe, ila kebo isizidi wastani wa mita 2 kwa kila kifaa na zote pamoja mita 20. Kila kifaa kina namba yake ya anwani, viwili vikiwa na namba moja hapo ni vurugu tupu.

Ile ndogo ya pini 9 ni RS-232, na hapa ndo watu wengi wanakwama wanaishia kusema mashine mbovu. Chukua HP 34401A, multimita ya zamani lakini nzuri mno. Ikitoka kiwandani inakuja na spidi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 7 kwa kila herufi, pariti shufwa (biti ya ziada ya kukagua makosa) na stopu biti 2 (za kufunga kila herufi), wakati programu nyingi za kompyuta zinaanza na biti 8 bila pariti, sasa hapo wataelewana vipi? Halafu kebo lazima iwe ya kupishana, yaani pini 2 ya huku iende pini 3 ya kule, maana mmoja akiongea mwenzake ndo asikie, ukitumia kebo iliyonyooka kila mmoja anaongea kwenye mdomo wa mwenzake, hakuna anayesikia. Na hata ukipata hivyo vyote, kwa RS-232 lazima kwanza uipelekee amri SYST:REM ndo ikubali kuongozwa kwa mbali, usipofanya hivyo itakutolea erori 550. Nimeona watu wamepoteza wiki nzima kwa hilo neno moja.

Lugha yenyewe ya amri inaitwa SCPI, ipo tangu 1990 na mashine nyingi za makampuni tofauti zinaielewa. Anza na *IDN? na itakujibu kampuni, modeli, namba ya siriali na toleo la programu yake. Ikijibu hivyo ujue njia iko wazi, sasa tuma MEAS:VOLT:DC? upate volti. Kwenye kompyuta, Python (lugha ya kuandikia programu) na PyVISA (nyongeza yake ya kuongea na mashine za kupimia) vinatosha na ni bure, na kila namba iandikwe kwenye faili pamoja na saa yake, saa usiisahau tafadhali.

Spidi nayo uipigie hesabu mapema. Osiloskopu, ile mashine ya kuchora mawimbi ya umeme, ikiwa na pointi milioni moja za baiti moja moja, kwa RS-232 ya 9600 unasubiri kama dakika 17, kwa GPIB ni sekunde chache tu. Kwa multimita inayosoma mara moja kwa sekunde wala usihangaike, ile ya pini 9 inatosha kabisa.

Mashine za siku hizi zina USB na LAN (ile soketi ya kebo ya mtandao), rahisi sana, kebo ya kawaida tu unachomeka. Lakini LAN naomba mnisikilize vizuri: mashine nyingi zinapokea amri za SCPI kupitia poti 5025 (namba ya mlango wa mashine kwenye mtandao) bila kuuliza paswedi yoyote. Yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kupandisha volti za pawa saplai yako wakati mkono wako uko kwenye saketi, kwa hiyo iwekee swichi ya mtandao yake peke yake na kompyuta yake, isiguse kabisa waifai ya chuo au ofisi.