Jino la utoto la mbwa mdogo: ling'olewe au lisubiriwe?

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu kuhusu meno ya mbwa wa umbo dogo ni ya namna mbili, na yanapingana. Wapo wanaosema daktari aliwashawishi walipie kung'oa meno ambayo yangedondoka yenyewe. Wapo wanaosema waliambiwa wasubiri, wakasubiri, na sasa mbwa ana mwaka na nusu, chonge ya chini inachoma kaakaa na pua inatoa usaha upande mmoja. Kundi la kwanza lina sauti kubwa zaidi. La pili ndilo lenye majeraha.

Tunaamini pande zote mbili zina nia njema. Mwenye mbwa hataki kiumbe cha kilo 2 kilazwe kwa dawa ya usingizi bila sababu, na daktari hataki kulaumiwa kwa kuharakisha wala kwa kuchelewa. Shida ni kwamba wengi wanauliza swali lisilo lao. Wanauliza, "Je, litatoka lenyewe?" Swali la kuuliza ni kama jino la kudumu limeshatokea.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Mbwa aliyekamilika ana 42, yaani 20 juu na 22 chini. Meno ya mbele hubadilika kuanzia karibu mwezi wa 4, chonge hufuata kwenye miezi ya 5 na 6, na ikifika miezi 7 kazi inapaswa kuwa imekwisha. Jino la kudumu likiwa linapanda, mzizi wa la utoto huyeyuka kidogo kidogo, jino hulegea, hutoka. Mara nyingi mbwa hulimeza na wewe usijue, wala halimdhuru. Lakini kwa Yorkshire Terrier, Chihuahua, Maltese, Pomeranian na poodle wadogo, mzizi huo hugoma kuyeyuka, hasa wa chonge. Jino jipya likikuta njia imezibwa, linapita pembeni.

Kanuni tunayoifuata ni fupi: meno mawili ya aina moja hayakai mahali pamoja kwa wakati mmoja. Jino la kudumu likishachomoza juu ya ufizi na la utoto bado limesimama imara, la utoto limechelewa. Halijakaribia kuchelewa, limechelewa. Kwa hiyo anayetuuliza, "Nimlete akiwa na miezi mingapi?" tunamjibu kwamba kalenda ni ya kukumbusha tu. Fungua mdomo uangalie, kila wiki, kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 7.

Utayatofautisha kwa urahisi. La utoto ni jembamba, limechongoka kama sindano; la kudumu ni nene. Kwenye chonge za juu, la kudumu huota mbele ya la utoto. Kwenye chonge za chini huota upande wa ndani, kuelekea ulimi. Meno ya mbele nayo, la kudumu huota nyuma ya la utoto. Mpangilio huu ndio unaoeleza madhara yote. Chonge ya chini ikizuiwa na ya utoto hubaki imeinama kwa ndani, na mdomo ukifungwa ncha yake hugonga kaakaa. Ikigonga miezi kadhaa inachimba, na shimo linaweza kufika hadi kwenye njia ya pua. Chonge ya juu ikisukumwa mbele inaziba nafasi ambamo ya chini ilipaswa kuingia, na matokeo yanakuwa yale yale. Na hata meno yakinyooka vizuri, ule ufa kati ya mawili yaliyobanana hushika chakula na nywele, utando wa bakteria unajijenga, ugaga unafuata, na ufizi unaanza kuoza kwa mbwa ambaye hata mwaka hajafikisha. Mbwa wadogo wana mfupa mwembamba wa taya na huugua ufizi mapema hata bila ya tatizo hili. Hawahitaji kuongezewa.

Kuna wakati wa kusubiri, na tusingependa mtu asome makala haya akakimbilia kliniki kwa kila jino. Jino la utoto linalocheza wazi ukiligusa kwa kidole, huku la kudumu ndiyo kwanza linatoa ncha, lipe wiki moja au mbili. Mpe mbwa kitu laini cha mpira atafune. Usimpe mfupa mgumu wala pembe. Hivyo huvunja meno ya kudumu, na hapo utakuwa na kesi nyingine. Likiwa bado lipo baada ya muda huo, subira imekwisha.

Wakati mwingine jino la utoto lipo, miezi 7 imepita, na mwenzake hajaonekana. Hapo hakuna daktari anayeweza kuamua kwa macho. Picha ya eksirei itasema mojawapo ya mambo mawili makubwa. Ama jino la kudumu halikuumbwa kabisa, na katika hali hiyo jino la utoto lenye mzizi mzima na ufizi safi linaweza kuachwa likafanya kazi miaka mingi. Ama lipo lakini limekwama ndani ya taya, na jino lililokwama linaweza kuzungukwa na mfuko wa majimaji unaokula mfupa kimyakimya. Anayeng'oa bila picha anabahatisha. Anayekataa picha kwa sababu "ni gharama ya bure" anamwomba daktari abahatishe.

Swali linalotujia kuliko yote ni hili: mbwa atafungwa kizazi mwezi ujao, si tungoje tufanye yote kwa usingizi mmoja? Ikiwa meno hayagusi kaakaa wala hayajapinda, na tarehe iko karibu, ndiyo, ni busara. Usingizi mmoja ni bora kuliko miwili. Ikiwa chonge ya kudumu tayari inaelekea pabaya, jibu ni hapana. Jino linalochomoza bado linaweza kurudi lenyewe kwenye njia yake kizuizi kikiondolewa mapema. Likishamaliza kukua limepinda, litabaki limepinda, na marekebisho yake ni kazi ndefu ya daktari bingwa. Wiki 6 za kungoja upasuaji mwingine si wiki ndogo kwa jino linalokua.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo fomu nyingi zinapokosewa. Kwanza mbwa anapimwa mwili mzima, uzito kwa mizani na si kwa makisio, na damu pale daktari anapoona inafaa. Fomu ya ridhaa lazima itaje meno yanayotarajiwa kung'olewa, iseme kama picha itapigwa kabla na baada, na iseme daktari afanye nini akikuta jambo ambalo halikutarajiwa na simu yako haipokelewi. Sehemu hii ya mwisho watu huiacha wazi, kisha wanalalamika. Ijaze. Uliza saa za kufunga chakula na uzifuate kama ulivyoambiwa, si zaidi: mtoto wa mbwa mdogo sana akikaa na njaa usiku kucha sukari ya damu hushuka, na hilo ni hatari kuliko jino lenyewe.

Mbwa hulazwa usingizi kamili, na mpira wa kupumulia huingizwa kwenye koromeo ili maji na damu visiingie mapafuni. Anapashwa joto muda wote, kwa kuwa mwili mdogo hupoa haraka. Kisha inapigwa ganzi ya eneo lile. Mzizi wa chonge ya utoto ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, mwembamba, umepinda, na umelala kando kabisa ya jino la kudumu ambalo bado ni changa. Daktari anaulegeza taratibu, wala havuti. Haraka huvunja mzizi, na chombo kikiteleza huumiza jino la kudumu, ambalo litabaki na doa au udhaifu wa enameli, lile gamba gumu la nje la jino, maisha yote. Mzizi ukivunjika hautakiwi kuachwa ndani.

Baada ya maelezo hayo natumaini hatutapokea tena barua ya mtu aliyetumia uzi, au plaizi, au aliyempeleka mbwa kwa "fundi wa mbwa". Katika nchi nyingi upasuaji wa mnyama ni kazi ya daktari aliyesajiliwa peke yake, na kung'oa jino lenye mzizi ni upasuaji. Asiyesajiliwa akifanya hivyo anatenda kosa na anaweza kushtakiwa. Mwenye mbwa naye anaweza kujikuta akijibu kosa la ukatili kwa mnyama. Kadiri kazi ilivyofanyika bila ganzi, ndivyo utetezi unavyokuwa mgumu. Huduma za "meno bila usingizi" nazo haziokoi kitu hapa. Miongozo ya meno ya WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, inazipinga waziwazi, na hakuna mbwa atakayetulia mzizi wake ukilegezwa akiwa macho.

Nyumbani, chakula laini kwa siku ambazo daktari atasema, na michezo ya kuvutana isimame. Dawa ya maumivu ni ile uliyopewa. Ibuprofen ya binadamu humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Paracetamol nayo isitoke kabatini kwa kukisia. Dawa ya meno ya binadamu usiitumie kumpigia mswaki, hasa yenye xylitol, ambayo hushusha sukari ya mbwa ghafla.

Kwa wazalishaji, neno moja: tabia hii huonekana kurithiwa, na kung'oa jino hakubadilishi damu. Mbwa aliyeng'olewa chonge nne za utoto bado anaweza kuzaa watoto wa aina hiyo, kwa hiyo mnunuzi aelezwe.

Ukiona ulitozwa bila sababu, leta malalamiko, lakini leta na vielelezo: nakala ya ridhaa, picha ya eksirei ya kabla na ya baada, na jino. Ndiyo, jino. Liombe siku ile ile, kabla halijatupwa. Tukiona mzizi mrefu, mzima, na picha ya kabla ikionyesha jino la kudumu limeshachomoza pembeni yake, tutakujibu kwamba halikuwa karibu kutoka. Tukiona mzizi umeyeyuka wote na kimebaki kipande cha juu tu, tutamwandikia daktari.